Kirusi nakiongea tangu utoto ila kusoma siwezi. Nianzie wapi?

Mtaa_wa_Upanga

Wakuu, habari zenu. Mama Mrusi, mzee alisoma chuo cha Lumumba pale Moscow, nyumbani Kirusi kinaongewa kila siku. Shule nimesoma Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo nikisemeshwa naelewa na kujibu bila shida, lakini ukinipa karatasi ya Kirusi mimi na asiyekijua tuko sawa.

Maswali yangu matatu. Herufi nizifuate kwa mpangilio gani? Pili, hata zile ninazozijua, nikiziunganisha linatoka neno ambalo sijawahi kulisikia, kumbe ni neno la kila siku; tatizo ni nini? Tatu, kuna barua za bibi mzaa mama zilizoandikwa kwa mkono, nataka nizisome mwenyewe. Vitabu vya wageni vinaanza na "huyu ni Ivan, hii ni meza", vinachosha kabla ya kufika popote.

Herufi33

Karibu mkuu. Watu wa hali yako wapo Dar, Nairobi na Kampala, tangu vijana wetu waanze kwenda chuo hicho kilichofunguliwa 1960. Vitabu vya wageni havikufai kwa sababu vinafundisha vitu viwili kwa pamoja, lugha na maandishi. Wewe unadai kimoja tu.

Herufi ni 33: irabu 10, konsonanti 21, na alama mbili zisizo na sauti, ъ na ь. Kwa anayeongea tayari, dakika 20 kwa siku zinazimaliza ndani ya wiki mbili. Kosa la wengi ni kuzifuata А Б В Г Д. Mpangilio huo utauhitaji siku ya kufungua kamusi. Kwa sasa zigawe kwa jinsi jicho lako linavyoziona.

Siku ya kwanza chukua А О К М Т. Sura na sauti ni kama zetu. Hapohapo unasoma мама, кот, там, так, кто.

Siku tatu au nne zinazofuata ni za В Н Р С У Х, na Е uiingize humo. Hili ndilo fungu la hatari. Sura tunazijua, sauti siyo: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh ya sheikh. Ndiyo maana mtu akiona РЕСТОРАН juu ya mlango anasoma "pektopah". Herufi kama Ж haimdanganyi mtu, kwa kuwa anajua haijui. Р na Н ndizo zinazomponza miezi mizima. Fanyia mazoezi maneno yaliyoundwa kwa mafungu haya mawili peke yake: нос, рука, ухо, утро, окно, море, ветер, сахар, сестра, хвост. Yote unayajua kwa sikio, kwa hiyo ukikosea utajishtukia mwenyewe. Yachanganye kwenye vikaratasi, na usivuke mpaka uyasome yote kumi bila kusita.

Kisha Б Г Д Ж З И Й Л П Ф Ц Ч Ш Щ, halafu Ы Э Ю Я Ё, mwisho zile alama mbili. Kila herufi ifunge na neno la jikoni kwenu, usiifunge na mfano wa Kiingereza: Ж ya жук, Ц ya яйцо, Щ ya борщ, Ы ya рыба, Ю ya юбка, Ё ya ёлка. Vitabu vya wageni vinamaliza kurasa vikieleza ulimi ukae wapi kutamka Ы. Wewe umeitamka tangu una miaka miwili, kilichobaki ni kuipa mchoro.

Zinazochanganywa: Ш na Щ (ya pili ina mkia), Ц na Щ (hesabu nguzo, mbili au tatu), И na Н (mstari wa katikati umeinama au umelala), З na Э (matumbo mawili, au tumbo moja lenye ulimi katikati). Na familia ya tumbo la chini: Ь ni tumbo tupu, Ъ ina kibendera juu kushoto, Ы ina fimbo pembeni, Б ina paa.

Sasa kuunganisha. Darasa la kwanza tulisoma ba be bi bo bu. Rudia njia hiyohiyo, ila Kirusi kina mistari miwili:

ба бо бу бэ бы
бя бё бю бе би

Mstari wa juu konsonanti ni ngumu, wa chini ni laini. Herufi ya konsonanti haikubadilika hata kidogo. Iliyokuambia uilainishe ni irabu inayofuata. Kwa hiyo jicho lazima litangulie herufi moja mbele ya mdomo. Anayesoma д, kisha я, kisha д, kisha я, anapata "diyadiya", halafu anashangaa дядя yuko wapi. Mfano wa karibu tulionao ni "ny": няня ya Kirusi inasikika karibu kabisa na nyanya yetu, na hakuna anayeisoma "ni-ya-ni-ya". Chukua н, т, д, л, р, с, м, п, в, konsonanti mbili kwa siku, mistari yote miwili, mara tatu kwa sauti.

Я Ю Е Ё zikianza neno, au zikija baada ya irabu au baada ya ъ na ь, hapo ndipo zinasomwa ya, yu, ye, yo kamili. Linganisha сел na съел, семя na семья. Alama ndogo hiyo ndiyo inayotenganisha aliyekaa na aliyekula, mbegu na familia. Na ь mwishoni inalainisha konsonanti tu: брат ni kaka, брать ni kuchukua.

Wakaidi ni Ж Ш Ц, ngumu siku zote hata zikifuatwa na и: жизнь, машина, цирк zinasikika kana kwamba pana ы. Ч na Щ ni laini siku zote hata mbele ya а na у. Watoto wa Urusi wanakaririshwa: жи na ши kwa и, ча na ща kwa а, чу na щу kwa у. Kariri tu, hakuna njia ya mkato.

fundi_wa_lahaja

Niingie kwenye swali la pili, maana ndilo linalowakatisha tamaa watu wa Kirusi cha nyumbani.

Kiswahili kinaandika kinachosikika. Kirusi mara nyingi kinaandika mzizi wa neno, na sauti kinakuachia wewe. Kwa hiyo ukisoma mo-lo-ko kwa uaminifu wa Kiswahili unapata neno la ajabu, wakati sikio linalijua "malako". Hujakosea kusoma, umeishia njiani. Soma mara mbili: mara ya kwanza silabi kwa silabi kama ilivyoandikwa, mara ya pili haraka, ukitupa mkazo kwenye silabi moja na kuzilegeza nyingine. Sikio litalidaka lenyewe. Mgeni hawezi hatua hii ya pili, kwa sababu hajui mkazo unakaa wapi. Wewe unaujua bila kufundishwa.

Mambo yanayoharibu sura ya neno si mengi:

О isiyo na mkazo inasikika a: хорошо ni "kharasho", Москва ni "maskva". Е na я zisizo na mkazo zinaelekea i: сестра ni "sistra", язык ni kama "yizyk".

Mwishoni mwa neno sauti nzito zinafifia: хлеб inaishia p, любовь f, друг k, город t, нож sh, глаз s. Na majirani huambukizana: водка ni "votka", ложка ni "loshka", ila сделать ni "zdelat" na вокзал ni "vagzal".

-ого na -его mwishoni ni "ovo" na "evo": его, красного, vilevile сегодня ndani yake. Lakini много, дорого na строго zina g halisi, usizitie kwenye mkumbo huo. -тся na -ться zote ni "tsa".

Baadhi ya herufi ziko kwa heshima tu: л ya солнце, д ya сердце, поздно na праздник, в ya kwanza katika здравствуйте. Na ч inasomwa sh katika что na конечно.

Halafu kuna kundi ambalo vitabu vya wageni havilitaji, kwa kuwa wageni halina maana kwao. Ni maneno uliyoyajua kwa umbo la kumezwa la mezani. Unasema "щас", kitabu kimeandika сейчас. "Patamushta" ni потому что, tena maneno mawili. "Pazhalsta" ni пожалуйста, "vashche" ni вообще, "tyshcha" ni тысяча. Mtu anaitafuta щ ya щас kwenye kamusi mpaka anachoka. Andika orodha yako, upande mmoja unavyosikia, upande wa pili linavyoandikwa. Mama ndiye kamusi ya orodha hii. Mwombe alitamke neno polepole kama anamwambia mtu kiziwi, nusu ya herufi zilizopotea zitarudi.

Kitu kingine ni vineno в, к, с. Havina irabu, vinagandamana na neno linalofuata: в школу inasikika "fshkolu". Wewe umesikia neno moja maisha yako yote, karatasi inaonyesha mawili. Ukiona konsonanti imesimama peke yake katikati ya nafasi, usiisome peke yake. Ibebe kwenye neno la mbele.

Misururu ya konsonanti inatutisha sisi tuliozoea konsonanti na irabu kupokezana. Kanuni ya kuitulizia: idadi ya irabu ndiyo idadi ya silabi. Взгляд ina irabu moja, basi ni pumzi moja, usichomeke "i" wala "u" za kusaidia. Достопримечательность ina irabu saba, basi silabi saba: до-сто-при-ме-ча-тель-ность. Igawe kwa penseli, ni neno la kawaida kabisa.

Ukifika hatua ya kuandika na hujui kama ni о au а, tafuta ndugu wa neno ambamo silabi hiyo inapata mkazo. Вода au вада? Wingi wake ni воды, o inasikika wazi. Mwisho wa зуб ni б au п? Зубы. Katika лодка kuna д au т? Много лодок. Shule za Urusi zinafundisha hivi, na mwenye sikio kama lako anawapata ndugu hao papo hapo.

Bint_Mnazini

Nakubali yote, niongeze moja na nibishe moja.

La kubisha kidogo: sitaki mtu adhani sikio linamaliza kila kitu. Maandishi ya watoto na ya wageni huwekewa alama ya mkazo na nukta mbili za ё. Ya watu wazima hayana vyote viwili. Kwa maneno ya nyumbani achana na alama mapema, zitakulemaza jicho. Lakini kwa neno ambalo hujawahi kulisikia, la gazetini au la ofisini, usibuni mkazo, fungua kamusi. Ukilizoea kimakosa kichwani, siku ukilisikia kwenye habari hutalitambua.

Na pale mkazo unapobadili maana, sentensi ndiyo itakuamulia: мука ni unga mkazo ukiwa nyuma, ni mateso ukiwa mbele. Замок mbele ni ngome, nyuma ni kufuli. Все bila nukta inaweza kuwa "wote" au, ikiwa ni всё, "vyote". Ukiona все kwenye gazeti jiulize kwanza kama ni watu.

La kuongeza: acha leo kumwandikia mama kwa herufi za Kilatini. "Privet mam, kharasho" inakunyima mazoezi mawili kwa mpigo. Kwanza jicho halizoei sura ya neno. Pili, unajifunza tahajia ya sikio, halafu ukihamia kwenye herufi za Kirusi unaandika харашо na сиводня. Weka kibodi ya Kirusi kwenye simu. Mpangilio wake wa kawaida unaanza na й ц у к е н, usitafute ule unaofuata herufi za Kiingereza, utaujutia siku ukikutana na kompyuta ya kazini huko. Kwenye simu nyingi ё inapatikana ukishikilia е, na ъ ukishikilia ь. Zima usahihishaji wa moja kwa moja kwa mwezi wa kwanza, vinginevyo simu ndiyo itakayojifunza tahajia.

Zoezi ambalo halitaki kitabu: ramani ya Afrika Mashariki kwa Kirusi. Найроби, Момбаса, Кисуму, Додома, Дар-эс-Салам, Занзибар, Килиманджаро. Majina unayajua, kwa hiyo kila herufi inajieleza yenyewe. Hapo utaona pia kwamba j yetu inaandikwa herufi mbili, дж, na h yetu inageuka х: Хасан, Хамиси.

Mtaa_wa_Upanga

Asanteni sana, hii ya дж sikuiwaza kabisa. Nina swali dogo kabla ya barua. Maneno mafupi sasa yanatoka, lakini kwenye sentensi nzima nasoma haraka halafu maana inatoka kinyume. Nakimbia mno?

fundi_wa_lahaja

Unabashiri. Ni ugonjwa wa kila anayejua lugha kabla ya maandishi: jicho linachukua herufi tatu za mwanzo, kichwa kinamalizia. Kwenye Kiswahili ungeponea, kwa sababu nani anafanya nini kinajulikana mwanzoni mwa kitenzi. Kirusi kinaweka siri hiyo mkiani. Мама любит дочку: mama anampenda binti. Маму любит дочка: binti ndiye anayempenda mama. Anayebashiri anasoma sentensi zote mbili sawasawa. Na viambishi vya mbele navyo hurukwa: приехал amefika, уехал ameondoka, въехал ameingia, выехал ametoka. Herufi moja au mbili, na safari imegeuka.

Dawa ni penseli. Chukua mistari kumi, kabla ya kusoma zungushia herufi mbili za mwisho za kila neno. Soma kwa sauti mistari hiyo ukiikazia miisho mpaka ionekane kama unaigiza. Jirekodi kwenye simu, kisha sikiliza huku kidole kikifuata maandishi. Kila mahali ulipotamka mwisho ambao haupo utausikia, kwa sababu sarufi ya mdomoni unayo. Dakika kumi kila siku, kwa wiki sita hivi. Mama akiwepo, someni mstari kwa mstari kwa zamu, yeye kwa mwendo wa kawaida. Asikusahihishe katikati ya neno, angoje mstari uishe. Akikudakia kila mara utarudi kumsikiliza yeye na kuacha kutazama karatasi.

Maandishi ya kuanzia yawe ngano za watoto ulizosimuliwa nyumbani, hasa zile ambazo mstari uleule unarudi na kila safari anaongezeka mhusika mmoja. Marudio ndiyo yanayozoesha jicho. Mashairi ya watoto nayo ni mazuri: vina vinakulinda na mkazo usio mahali pake.

Wino_wa_Zamani

Nimengoja zamu ya barua. Mwandiko wa mkono wa Kirusi uchukulie kama alfabeti ya pili. Usiuguse mpaka maandishi ya chapa yasomeke bila kusita, kisha upe wiki tatu zake peke yake.

Ugumu ni kwamba herufi kadhaa ndogo zinageuka sura, na sura mpya ni za Kilatini. Т inakuwa m, и inakuwa u, п inakuwa n, д inakuwa g. Kwa hiyo тип inaonekana "mun", na дом inaonekana "gom". Д kubwa inafanana na D yetu. Г ndogo ni kama s iliyogeuzwa, б ni kama 6 yenye mkia unaopanda. Ukijua hayo umepata faida ya pili, maana chapa ya mlazo kwenye vitabu inafuata mabadiliko karibu yaleyale, т kama m, и kama u, п kama n.

Kinachofuata ni miguu. И, ш, л, м zikiunganishwa zinakuwa uzio wa vijiti. Neno kama лишишь ni mawimbi matupu. Usikodolee macho neno zima. Angalia kwanza pinde ziko wapi: zikiwa juu ni п au т, zikiwa chini ni и au ш. Kisha hesabu: pinde mbili au tatu. Л, м na я zinaanza na kindoano kidogo chini kushoto, hicho ndicho mpaka wao na jirani. Watu wazima wa zamani wengi waliweka mstari juu ya т na mstari chini ya ш ili kusaidia msomaji; ukimwona bibi anafanya hivyo, umepona.

Njia ya haraka ya kusoma mwandiko ni kuuandika. Mistari miwili kwa kila herufi, halafu maneno. Urusi wana daftari za watoto zenye mistari ya mlazo kwa kazi hiyo, wanaziita прописи, ila daftari lolote linatosha ukilichora mistari kwa rula. Usinyanyue kalamu katikati ya neno. Mkono ukishajua г inaungana vipi na о, jicho litaitambua hata kwenye mwandiko mbaya.

Ukifika kwenye barua yenyewe, usianze na mstari wa kwanza. Tafuta maneno ambayo lazima yawemo: salamu ya Здравствуй au Дорогая juu, Целую au Обнимаю na Твоя бабушка chini, na jina lako au la mama katikati. Kutoka humo chora jedwali la herufi za bibi, т yake, д yake, в yake. Kila mwandishi ana zake, na т ya bibi inaweza kuwa ya chapa huku д ikiwa ya mkono. Barua ya pili itakwenda kwa nusu ya muda wa ile ya kwanza. Piga picha, ikuze kwenye skrini. Wino uliofifia unasomeka vizuri zaidi picha ikiongezwa weusi.

Tarehe: siku inatangulia mwezi, na mwezi mara nyingi ni kwa namba za Kirumi. 12.IV.78 ni Aprili 12, 1978. Herufi г. yenye nukta ni mtego: kabla ya jina ni mji (г. Тула), baada ya namba ni mwaka (1978 г.). Ул. ni mtaa, д. ni nyumba, кв. ni fleti.

Na bahasha usitupe. Bahasha za Sovieti zilianza na Куда, yaani wapi, kisha Кому, kwa nani. Jina chini ya Кому limebadilishwa mwisho kwa sababu ni "kwa fulani": Ивановой Марии Петровне ni Иванова Мария Петровна. Watu wanaofuatilia ukoo wananakili Ивановой kama jina la familia, halafu hawampati popote. Miji nayo ilibadilishwa majina: Ленинград sasa ni Saint Petersburg, Горький ni Nizhny Novgorod, Свердловск ni Yekaterinburg, Куйбышев ni Samara. Ukiitafuta kwenye ramani ya leo bila kujua hilo utadhani umesoma vibaya.

Herufi33

Nimalizie na kitu kitakachokukuta miezi michache ijayo, ili usidhani umerudi nyuma. Utasoma ngano na barua vizuri, kisha utafungua gazeti na kukuta kila mstari una maneno matatu usiyoyajua. Herufi hazina kosa hapo. Kirusi chako ni cha mezani, cha gazeti ni kingine. Mezani unasema нужно, wao необходимо. Потому что inakuwa поскольку, но inakuwa однако, сейчас inakuwa в настоящее время, na является inajaza mahali ambapo mdomoni husemi kitu. Viunganishi na vineno hivi vinavyorudi kila ukurasa si vingi. Viandike mara moja na umemaliza nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni vitenzi vilivyogeuzwa kuwa sifa au vielezi, ambavyo mezani havitumiki sana. Bahati nzuri Kiswahili kinavyo vya kwake: читающий ni "anayesoma", прочитанная книга ni "kitabu kilichosomwa", читая ni "akisoma", прочитав ni "akiisha kusoma". Ukiona -щий, -нный, -я au -в mwishoni mwa kitu kinachonukia kitenzi, jaribu mojawapo ya hizo nne kabla ya kukimbilia kamusi. Na kamusini usitafute umbo uliloliona, tafuta la msingi: шёл iko chini ya идти, na люди utaelekezwa kwenye человек.

Mtaa_wa_Upanga

Nimeelewa. Bahasha tatu zimeandikwa Свердловск, nami nilikuwa natafuta mji huo kwenye ramani tangu juzi. Swali la mwisho kwa Wino_wa_Zamani: chini ya barua moja, baada ya jina la bibi, kuna P.S. kwa herufi za Kilatini. Ni Kilatini kweli au ni herufi za Kirusi zinazosomeka "r" na kitu kingine?

Wino_wa_Zamani

Ni Kilatini kweli. Warusi wanaandika P.S. vilevile, kwa maana ileile ya nyongeza baada ya sahihi. Sababu ya kuwa na uhakika: S haimo kabisa kwenye alfabeti ya Kirusi. Ukiiona S, N, R au V kubwa mahali popote kwenye barua, mwandishi ametoka nje ya herufi zake kwa makusudi.